Kuvaa, Kushona na Kusuka: Historia ya Nyuzi Bandia katika Misuko ya Nywele na Sera za Umma nchini Tanzania, 1968–2019

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya matumizi ya nyuzi bandia katika kusuka nywele za kipilipili nchini Tanzania, tangu azimio la Umoja wa Vijana wa TANU la mwaka 1968 hadi ushuru wa bidhaa wa mwaka 2019. Hoja kuu ni kwamba sera za umma zimeziweka nywele zote za viwandani katika fungu moja la "nywele bandia", ilhali ufundi wa ususi, pamoja na lugha yenyewe ya Kiswahili, hutofautisha wigi linalovaliwa, wivingi unaoshonwa na rasta inayosukwa. Makala yanaonesha kwamba tofauti hiyo ina uzito wa kihistoria, na kwamba kuipuuza kumewagharimu wasusi na wanawake wanaosukwa.

1.0 Utangulizi

Mwezi Juni 2019, Waziri wa Fedha na Mipango, Dkt. Philip Mpango, aliwasilisha bungeni makadirio ya bajeti ya mwaka wa fedha 2019/2020. Miongoni mwa mapendekezo yake ulikuwamo ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazozalishwa nchini, na asilimia 25 kwa zile zinazoingizwa kutoka nje. Ushuru huo ulianza kutumika mwezi uliofuata. Takribani nusu karne kabla ya hapo, mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umepitisha azimio la kupiga marufuku wigi, pamoja na sketi fupi, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi.

Matukio haya mawili yana tofauti kubwa. La kwanza lilikuwa la kimaadili na la kisiasa; la pili lilikuwa la kifedha. Hata hivyo, yanakutana katika jambo moja. Yote mawili yaliichukulia nywele ya kiwandani kama pambo la ziada, kitu kilichotoka nje ambacho mwanamke anaweza kukiacha bila kupoteza chochote. Makala haya yanahoji dhana hiyo. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: je, uzi bandia unaosukwa pamoja na nywele za mwenyewe una historia moja na wigi, au una historia yake iliyotangulia kiwanda?

2.0 Msuko kabla ya nyuzi za viwandani

Ushahidi wa kwanza unapatikana katika lugha. Katika Kiswahili, kitenzi "suka" hutumika kwa ukili wa mkeka, kwa kamba, kwa kikapu na kwa nywele. Mwenye kusuka huchukua vipande vifupi, huvipitanisha, na kipande kinapokaribia kwisha huunga kingine ili kazi iendelee. Msusi wa mikeka haoni kwamba jani la pili ni "bandia" kwa sababu halikuota pamoja na la kwanza. Kuunga ni sehemu ya kusuka. Kwa mantiki hiyo, kuongeza uzi katika nywele hakukuhitaji dhana mpya. Kulihitaji malighafi tu.

Malighafi hizo zilikuwapo barani Afrika kabla ya kiwanda. Kaskazini mwa Namibia, wanawake wa jamii ya Mbalantu walirefusha misuko yao kwa nyuzi za kano za wanyama, hata misuko ikafika vifundoni. Katika makaburi ya kale ya Hierakonpolis nchini Misri, yenye umri wa zaidi ya miaka 5000, wanaakiolojia wamegundua mabaki ya mwanamke aliyezikwa na nywele za kuungwa. Katika Afrika Mashariki, vijana wa Kimasai walio katika rika la umorani walisokota nywele zao ndefu, wakazirefusha kwa nyuzi za pamba au sufu na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Kazi hiyo walifanyiana wao kwa wao. Mfano huu wa mwisho ni muhimu kwa makala haya, na utarejewa katika sehemu ya tano.

Hatua ya kati kati ya kano na plastiki ilikuwa uzi wa dukani. Misuko ya uzi mweusi, ambayo wanawake wengi wa Tanzania na Kenya waliikulia, hufanywa kwa kuzungushia fungu la nywele uzi tangu shinani hadi nchani. Mtindo wa mabutu ni mmoja wapo. Msuko wa uzi hunyoosha nywele bila moto wala dawa, na huzilinda ncha zake zisikatike. Uzi huo ulikuwa bidhaa ya kiwanda, mara nyingi ya kiwanda cha nje, lakini haukuwahi kuhesabiwa kuwa nywele bandia. Hakuna aliyemwona mwanamke mwenye mabutu kuwa anaiga wageni. Jambo hili linaonesha kwamba ugeni wa malighafi peke yake haukuwa kigezo cha lawama. Kigezo kilikuwa sura iliyotokana na malighafi hiyo.

3.0 Asili ya uzi wenyewe: viwanda vya Asia Mashariki

Uzi bandia unaosukwa leo ni zao la kemia ya katikati ya karne ya 20. Mwaka 1957 kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuzalisha nyuzi za modakriliki zilizopewa jina la Kanekalon. Nyuzi za aina hii hutengenezwa kwa kuunganisha akrilonitrili na kampaundi nyingine, kama vile vinili kloridi, na sifa yake mojawapo ni kutoshika moto kwa urahisi. Aidha, nyuzi hizo hulainika zikipata joto na hushika umbo jipya zikipoa. Sifa hii ndiyo inayomwezesha msusi kuzamisha ncha za misuko katika maji ya moto ili zisifumuke. Pamoja na nyuzi hizo, sokoni zipo pia nyuzi za plastiki za bei nafuu zaidi, zenye ubora tofauti.

Soko la kwanza la nyuzi hizo halikuwa la misuko bali la wigi. Mwaka 1965 Marekani ilizuia uingizaji wa wigi zilizotengenezwa kwa nywele kutoka China, katika mazingira ya Vita Baridi. Pengo hilo lilizibwa na Korea Kusini, na ilipofika mwaka 1970 wigi zilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za mauzo ya nje ya nchi hiyo. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake vijana kwa ujira mdogo. Mwezi Agosti 1979, wafanyakazi wanawake wa kiwanda cha wigi cha YH waliingia katika makao makuu ya chama cha upinzani mjini Seoul kupinga kufungwa kwa kiwanda chao. Polisi walivamia jengo, na mfanyakazi mmoja, Kim Kyung-sook, akafariki. Tukio hilo lilichochea mgogoro wa kisiasa uliofikia kilele kwa kuuawa kwa Rais Park Chung Hee tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo.

Historia hii inaonesha kwamba bidhaa iliyoitwa ya anasa katika nchi moja ilikuwa suala la uhai na siasa katika nchi nyingine. Pia inaeleza kwa nini nywele bandia zilifika Afrika Mashariki kwanza zikiwa na sura ya wigi: hiyo ndiyo sura ambayo biashara ya dunia ya wakati huo ilikuwa imezipa.

4.0 Operesheni Vijana na hukumu ya wigi

Azimio la Umoja wa Vijana lilitolewa mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya Azimio la Arusha, na kampeni yake, iliyojulikana kama Operesheni Vijana, ilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Hoja ya waasisi wake ilikuwa kwamba uhuru wa kisiasa haujakamilika iwapo vijana wanaendelea kuiga mavazi na maumbile ya waliokuwa watawala. Katika hoja hiyo, wigi lilikuwa ushahidi wa wazi. Nywele za singa zilizowekwa juu ya kichwa chenye nywele za kipilipili zilitafsiriwa kuwa tamko la kujikana.

Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Enzi ya ukoloni ilipanga watu kwa rangi, na nywele ilikuwa moja ya alama za upangaji huo. Kuchoma nywele kwa kitana cha moto na kuvaa wigi kulihusiana, kwa baadhi ya watu, na kutafuta hadhi katika mpangilio ambao hawakuuweka wao. Hata hivyo, utekelezaji wa kampeni uliwaelemea wanawake kuliko wanaume. Mwanahistoria Andrew Ivaska, katika kitabu chake *Cultured States* cha mwaka 2011, anaonesha kwamba mjadala wa magazetini kuhusu kampeni hiyo ulibeba pia hofu ya wanaume juu ya wanawake waliokuwa wakiingia mjini, wakipata ajira na kutembea peke yao. Jijini Dar es Salaam vijana wa kiume waliwasumbua wanawake hadharani kwa sababu ya mavazi yao. Tanzania haikuwa peke yake: Uganda chini ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria ya mavazi mwaka 1973.

Kuna jambo jingine linalohitaji kuzingatiwa. Katika kipindi hichohicho, serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache vazi lao la lubega na kujipaka udongo mwekundu, kwa maelezo kwamba mambo hayo yalikuwa ya kale na hayakufaa taifa la kisasa. Kwa hiyo mwili wa Mtanzania ulipimwa kwa mizani miwili. Mwanamke wa mjini alilaumiwa kwa kuwa wa kisasa kupita kiasi, na morani alilaumiwa kwa kutokuwa wa kisasa vya kutosha. Utamaduni uliotetewa dhidi ya wigi haukuwa utamaduni wote wa nchi. Ulikuwa sehemu iliyochaguliwa. Ufundi wa kusokota na kuunga nyuzi, ambao morani aliuhifadhi kichwani mwake, haukuhesabiwa katika urithi huo.

5.0 Kutoka wigi hadi rasta

Uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulibana uingizaji wa bidhaa nyingi zisizohesabiwa kuwa za lazima. Mabadiliko yalianza mwaka 1984, serikali iliporuhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Yaliendelea baada ya Ali Hassan Mwinyi kuwa Rais mwaka 1985 na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Pamoja na mitumba na vipodozi, maduka ya mijini yalianza kujaa dawa za nywele, zikiwamo zile zilizozaa mtindo wa kalikiti, na mafungu ya nyuzi za kusukia.

Ni katika mazingira hayo ya soko huria ambapo uzi bandia ulipata makao katika msuko. Jina lililoenea, "rasta", lilitokana na imani ya Rastafari ya Jamaika, ingawa wengi wa wanaosuka hawana uhusiano wowote na imani hiyo. Uteuzi wa jina una maana yake. Msemaji wa Kiswahili hakuuhusisha msuko huu mpya na nywele za Mzungu, bali na nywele za mtu mweusi aliyekataa kuzinyoosha. Lugha iliendelea kutofautisha hata kwa vitenzi: wigi huvaliwa na kuvuliwa; wivingi hushonwa juu ya mistari ya twende kilioni na kufumuliwa; rasta husukwa, na ndani yake nywele za mwenyewe na uzi huwa kitu kimoja hadi siku ya kufumua. Anayevaa wigi huficha nywele zake chini yake, lakini anayesuka rasta anazitumia zenyewe kama shina la msuko.

Ufundi huu ulizaa ajira yenye mtaji mdogo. Msusi huweza kuanza akiwa na kiti, kitana na kibaraza. Kusuka kichwa kizima kwa misuko midogo huchukua saa nyingi, na mara nyingi wasusi wawili au watatu hugawana kichwa kimoja. Kwa upande wa uzalishaji, viwanda vya nywele bandia vilianzishwa pia katika ukanda huu, hasa nchini Kenya. Mwaka 2011 kampuni ya Godrej ya India ilinunua hisa katika kundi la Darling, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa nywele hizo barani Afrika.

Badiliko la kuvutia zaidi kwa mwanahistoria limetokea katika mikono ya wasusi. Katika Dar es Salaam, Zanzibar na miji mingine, vijana wa Kimasai wamekuwa wasusi wanaotafutwa na wateja wanawake. Umahiri wao katika kusokota unatokana na mazoea ya umorani, ambapo rika moja lilisukana. Baadhi ya wazee wa jamii hiyo wamelilaumu jambo hili, kwa kuwa mila iliweka mipaka kati ya mwanamume na kichwa cha mwanamke. Pamoja na lawama hizo, kazi imeendelea. Kihistoria, mambo mawili ambayo kampeni za mwishoni mwa miaka ya 1960 ziliyalenga kwa sababu zinazopingana, yaani nywele ya kiwandani ya mwanamke wa mjini na mwili wa morani, yamekutana katika kiti kimoja cha msusi. Mkutano huo ni ushahidi kwamba uzi bandia haukuufuta ufundi wa asili, uliupatia soko.

6.0 Kinga na madhara yake

Dai kwamba rasta ni msuko wa kinga lina msingi katika maumbile ya nywele za kipilipili. Unywele wa aina hii hujipinda mara nyingi, na kila pindo ni mahali dhaifu panapoweza kukatika wakati wa kuchana. Mafuta ya asili ya ngozi nayo huchelewa kuteremka kwenye unywele uliojipinda, hivyo ncha hukauka. Msuko unaokaa wiki kadhaa hupunguza kuchana na huficha ncha. Uzi ulioongezwa huupa msuko uzito na urefu, na huuwezesha kudumu hata kwa mwenye nywele fupi. Suala la nywele fupi si dogo nchini Tanzania, ambako wasichana katika shule nyingi za umma hutakiwa kukata nywele, na hivyo huanza kuzikuza upya wamalizapo masomo.

Hata hivyo, kinga hiyo ina masharti. Kuvutwa kwa nywele kwa muda mrefu husababisha kunyonyoka, hasa pembezoni mwa paji la uso. Tatizo hili lilielezwa na Trebitsch mwaka 1907 miongoni mwa wanawake wa Greenland, jambo linaloonesha kwamba si la jamii moja wala la uzi bandia peke yake. Nchini Afrika Kusini, uchunguzi wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake jijini Cape Town ulilikuta kwa asilimia 17.1 ya wasichana wa shule na asilimia 31.7 ya wanawake watu wazima. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zilipovutwa kwa kusukwa au kushonewa nyingine. Aidha, mwaka 2025 shirika la Consumer Reports la Marekani lilipima bidhaa 10 za nyuzi za kusukia zinazouzwa nchini humo, likakuta kemikali zinazohusishwa na saratani katika bidhaa zote, na madini ya risasi katika 9 kati yake.

Matokeo haya yanabadili swali la sera. Ikiwa uzi bandia ni malighafi inayokaa kichwani kwa wiki kadhaa, basi wajibu wa kwanza wa dola ni kuhakiki usalama wake, kama inavyofanya kwa vipodozi. Ikiwa ni pambo tu, dola huona njia mbili: kulikataza au kulitoza.

7.0 Ushuru wa mwaka 2019 na tatizo la uainishaji

Mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa za forodha, ulioanza kutumika mwaka 1988, una kichwa namba 67.04 kinachokusanya wigi, ndevu bandia, nyusi bandia, kope bandia na bidhaa za namna hiyo. Katika mfumo huo nywele ya kuongezea hukaa karibu na ndevu za mwigizaji. Mpangilio huu ulibuniwa kwa mahitaji ya biashara ya dunia, na haukuwa na sababu ya kujua tofauti kati ya kuvaa na kusuka. Lakini sera ya ndani inapoirithi lugha ya aina hiyo bila kuihoji, hurithi pia dhana iliyomo.

Ushuru wa mwaka 2019 ulitoza "nywele bandia" kwa ujumla. Viwango viwili vilivyowekwa vilionesha nia ya kuvipendelea viwanda vya ndani, na hilo ni lengo halali. Lakini uzi wa kusukia na wigi la gharama kubwa viliwekwa chini ya jina moja. Bajeti hiyohiyo ilipendekeza pia kufuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa taulo za kike, msamaha uliokuwa umetolewa mwaka mmoja tu uliotangulia. Kuyaweka mapendekezo haya mawili pamoja kunasaidia kuona mahali gharama zilipoangukia: ni kwa mwanamke mnunuzi na, kwa upande wa nywele, kwa msusi ambaye mteja wake hupima bei ya uzi kabla ya kukubaliana bei ya kazi.

Inaweza kupingwa kwamba mpaka kati ya rasta na wigi si safi kama inavyodaiwa hapa. Wapo wanaosuka rasta ndefu na laini ili wapate mwonekano wa nywele za singa, na wapo wanaovaa wigi lililosukwa rasta. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, halivunji hoja ya makala, kwa sababu hoja haisemi kwamba kila rasta ni tamko la utamaduni. Inasema kwamba uzi, kwa nafasi yake katika kazi, ni malighafi ya fundi, na kwamba nia ya anayesukwa haiwezi kusomwa na afisa wa forodha wala na kijana anayesimama kituo cha basi.

8.0 Hitimisho

Makala yamefuatilia uzi bandia kutoka viwanda vya Asia Mashariki hadi vibaraza vya wasusi wa Tanzania, na yamebainisha mambo matatu. Kwanza, kuunga malighafi ya nje katika nywele ni ufundi wa kale barani Afrika, unaothibitishwa na kano za Mbalantu, nyuzi za morani na misuko ya uzi mweusi. Pili, hukumu ya mwaka 1968 ilielekezwa kwa wigi kama alama ya kuiga, lakini iliacha urithi wa fikra uliozihukumu nywele zote za viwandani kwa kigezo hichohicho. Tatu, ushuru wa mwaka 2019, ingawa ulitumia lugha ya mapato, uliendeleza mkusanyo huohuo wa vitu visivyofanana.

Kwa watafiti, eneo lililo wazi ni historia ya wasusi wenyewe: mafunzo yao, mgawanyo wa ujira katika kichwa kimoja, na nafasi ya wanaume katika kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanawake. Kwa watunga sera, tofauti ambayo Kiswahili huiweka kati ya kuvaa, kushona na kusuka inafaa kuingia katika lugha ya sheria. Bidhaa inayovaliwa inaweza kujadiliwa kama pambo. Uzi unaosukwa ukawa sehemu ya kichwa cha mtu kwa mwezi mzima unastahili kwanza kupimwa usalama wake, kisha utozwe kwa kadiri ya matumizi ya malighafi, na fundi anayeutumia atambuliwe kuwa fundi.